Madoa kwenye sensa ya kamera: soma dalili kwanza, kisha chagua kifaa

Sensa ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kutengeneza picha. Nyingi zinazofika kwa fundi zikiwa na mikwaruzo hazikuharibiwa na vumbi. Ziliharibiwa na kifaa kilichotumika kulitoa. Mtu anaona doa la kijivu angani, ananunua seti ya kusafishia, na kwa kuwa swabu, yaani kijiti bapa chenye kitambaa laini cha kufutia, ndiyo inayoonekana ya kitaalamu zaidi, anaanza nayo. Mwongozo huu unakwenda kinyume cha hapo: tazama dalili, jua ni uchafu gani, kisha anza na kifaa kisichogusa kitu.

Jambo moja la kujua kabla ya yote: uchafu hauko juu ya sensa yenyewe. Uko juu ya kichujio cha glasi kilicholala mbele ya sensa, kwa umbali mdogo sana. Ndiyo maana doa lilelile halionekani kwa f/2.8 (tundu kubwa la lenzi) na linajitokeza wazi kwa f/16 (tundu dogo). Tundu la lenzi likiwa dogo, miale inafika ikiwa imenyooka na kivuli cha punje kinakuwa kikali. Tundu likiwa kubwa, kivuli hicho kinatawanyika na kupotea.

Picha ya kupima

Usisafishe chochote kabla ya kupiga picha hii. Weka ISO 100 na tundu f/16. Funga lenzi ya milimita 50 au ndefu zaidi, zima ulengaji wa otomatiki na uipeleke lenzi kwenye umbali usio na mwisho. Elekeza kamera kwenye karatasi nyeupe au skrini nyeupe ya kompyuta iliyo karibu, ongeza mwanga hatua moja, na wakati shata (pazia linalofunguka mbele ya sensa picha inapopigwa) iko wazi isogeze kamera taratibu huku na huku. Nyuzinyuzi za karatasi zitafutika kwa mwendo. Kitakachobaki kimetulia kimo ndani ya kamera. Ikuze picha hadi asilimia 100 na uipitie kipande kwa kipande.

Ukitaka kulitafuta doa kwa macho, kumbuka kwamba taswira inaangukia sensa juu chini. Ukiitazama sensa kwa mbele, kamera ikiwa imesimama kawaida, doa lililo juu kushoto kwenye picha liko chini kushoto kwenye sensa. Wengi husugua upande usio na kitu kwa sababu hawakujua hili.

Wapo wanaopima kwa f/22 na kusafisha mpaka isibaki punje. Kwa f/22 hutakosa doa hata siku moja. Sensa ikionekana safi kwa f/16, iache. Kila mguso unaouepuka ni hatari uliyoiondoa.

Dalili: doa linaonekana ukichungulia, lakini kwenye picha halipo

Hili hutokea kwenye DSLR, kamera ambazo kioo kilicho ndani hupeleka taswira kwenye dirisha la kuchungulia. Vumbi liko kwenye kioo kinachoruka au kwenye kibao cha kulengea kilicho juu yake. Haliingii kwenye picha hata kidogo. Pulizia mara chache kwa kipulizio cha mpira, kamera ikitazama chini, na uishie hapo. Kioo hicho kimepakwa rangi ya fedha upande wa mbele, na hata kitambaa laini kinakichubua. Kibao cha kulengea ni plastiki laini kuliko unavyodhani. Kero ya doa unaloliona wewe peke yako haistahili gharama ya kubadilisha kibao.

Dalili: doa laini la kijivu, liko palepale kwenye kila picha, linakolea tundu likipungua

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na mara nyingi sababu ni vumbi kavu ambalo halijashika. Liliingia wakati wa kubadilisha lenzi, au lilikuwa kwenye kitako cha lenzi na kwenye kifuniko chake cha nyuma, au lenzi ya zumu inayorefuka ililivuta ndani pamoja na hewa. Kwa kamera mpya, chembe zinaweza pia kutoka kwenye shata yenyewe inapozoea kazi.

Hakikisha kwanza si lenzi. Badilisha lenzi, piga picha ya kupima tena. Doa likihama au likipotea, tatizo ni glasi ya nyuma ya lenzi ile. Vumbi la glasi ya mbele kwa kawaida halichori doa. Linapunguza ukali wa rangi na kuleta mng'ao jua likiwa mbele.

Kama doa limebaki palepale, endesha usafishaji wa mtetemo uliomo kwenye menyu. Teknolojia hii ililetwa na Olympus kwenye E-1 mwaka 2003 na leo iko karibu kwenye kila kamera ya lenzi za kubadilisha. Kamera isimame kwa kitako juu ya meza, kwa sababu vumbi linalotikiswa linatakiwa kuanguka chini, ambako kamera nyingi zina utepe wa kulinasa. Ukiiendesha huku kamera imelala chali, punje inaruka na kurudi ilikotoka. Rudia mara mbili tatu.

Halijatoka? Sasa kipulizio, na hapa ndipo pa kutumia pesa kwa makini. Nunua kikubwa kinachojaa kiganja, chenye valvu ya kuvutia hewa nyuma, mbali na mdomo wake, ili kisivute vumbi kililotoka kulipuliza. Vipulizio vya bei rahisi vina kasoro tatu. Kwanza, vingine vinatoka kiwandani vikiwa na unga mweupe ndani, ule wa kuzuia mpira usigandane. Kielekeze kwenye kitambaa cheusi na ukikamue kwa nguvu. Kitambaa kikipata nukta nyeupe, kifaa hicho kisiikaribie sensa. Pili, mdomo wa plastiki umechomekwa tu na unaweza kufyatuka ukaigonga sensa; uvute kwa mkono kuupima. Tatu, mpira uliokaa kwenye gari la moto unaanza kuchanika ndani na kumwaga chembe zake. Kiweke kwenye mfuko safi wa zipu, si chini ya begi pamoja na makombo.

Namna ya kupulizia:

1. Chaji betri ijae. Funga madirisha, zima feni. Bafu ambalo mvuke wake umetulia ni chumba kizuri, kwa kuwa unyevu umeliangusha vumbi la hewani.
2. Pulizia kwanza nje ya mdomo wa kamera na kitako cha lenzi kabla ya kuitoa.
3. Kwenye DSLR chagua usafishaji wa mkono kwenye menyu ili kioo kipande na shata ifunguke. Kwenye kamera isiyo na kioo, sensa iko wazi ukitoa lenzi, isipokuwa zile zinazofunga shata zikizimwa, kama Canon EOS R ya 2018 na nyingine zilizofuata. Hizo nazo zifungue kwa njia ya menyu. Usipulizie kamwe pazia la shata lililofungwa. Ni jembamba mno.
4. Kamua kipulizio mara mbili hewani, mbali na kamera, kitoe kilichomo.
5. Geuza kamera itazame chini, mdomo wa kipulizio ubaki nje ya usawa wa duara la lenzi, na pulizia mara kumi hivi kwa nguvu.
6. Zima kamera, rudisha lenzi, piga picha ya kupima.

Madoa mengi huishia hapa. Yaliyohama yanaonyesha kwamba hayajashika, kwa hiyo rudia. Yaliyokaa palepale baada ya mizunguko mitatu yameshikamana, na hatua inayofuata inahitaji mguso.

Kuna vitu vinne watu huvitumia badala ya kipulizio. Makopo ya hewa ya shinikizo hutoa kimiminika baridi kinachoacha utando na kinaweza kupasua kichujio. Kompresa ya gereji ina mafuta na maji ndani ya hewa yake. Pumzi ya mdomo ina mate. Pamba ya masikio inaacha nyuzi na gundi. Usitumie hata kimoja kwa dharura. Afadhali upige kwa f/5.6 siku hiyo na doa halitaonekana.

Dalili: kupuliza kumeshindwa, doa halisogei

Kabla ya kugusa, jiulize vumbi limetoka wapi. Swali hili ni la lazima kwa wanaopiga picha mbugani. Vumbi la Amboseli ni laini na la magadi, kutoka kitanda cha ziwa lililokauka. La Tsavo ni jekundu na linang'ang'ania kila kitu. La nyanda za kusini mwa Serengeti lina majivu ya volkano ya nyanda za juu za Ngorongoro, na punje za majivu hayo ni ngumu zenye kona. Ukiziburuta kavu juu ya kichujio zinafanya kazi ya msasa. Aliyetoka huko apulizie zaidi ya wengine, na asivute swabu au brashi mpaka lenzi ya kukuzia imwonyeshe kwamba punje nene zimekwisha. Lenzi hiyo ya kukuzia mara 5 hadi 7, yenye taa ndogo pembeni, ni kifaa kinachodharauliwa, lakini ndicho kinachokuambia kama unashughulika na punje, uzi au tone la mafuta.

Kwa punje chache zilizoshika, kifaa cha kwanza ni kijiti cha jeli. Kinabonyezwa wima, kinainuliwa, kisha kinabonyezwa kwenye karatasi yake ya gundi ili kijisafishe. Hakiburutwi. Ndiyo faida yake kubwa: punje inainuliwa bila kusafiri juu ya glasi. Jeli hazifanani kwa ukali wa gundi, na tabaka za juu za vichujio nazo hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hivyo nunua kinachotaja chapa ya kamera yako. Kwenye sensa inayoelea kwa ajili ya kutuliza mtikisiko, ukiinua kwa nguvu unaivuta sensa nzima. Inua kwa kuinamisha upande mmoja kwanza, polepole. Jeli haifai kwa mafuta wala kwenye glasi yenye unyevu.

Brashi ya sensa ni ya nyuzi laini sana, na hutumika kavu. Pulizia nyuzi zake kabla ya kila mpito, zipate chaji ya umeme tuli inayovuta vumbi. Ipitishe mara moja, kwa ncha tu, kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiigusa kwa kidole, au ikigusa kuta za chumba cha kioo penye grisi, imekwisha kazi, kwa sababu kuanzia hapo inapaka badala ya kutoa. Kwa anayesafisha mara chache kwa mwaka, kijiti cha jeli kinamtosha. Brashi ni ya mtu mwenye nidhamu ya kuitunza.

Dalili: madoa ya duara, kitovu cheusi, pembeni pana mduara mweupe

Haya ni mafuta, si vumbi. Hutoka kwenye shata na mitambo ya kioo, yakirushwa kama matone madogo sana. Mfano unaojulikana ni Nikon D600 ya 2012, ambayo madoa yake yalijikusanya hasa juu kushoto mwa picha. Nikon ilitoa tangazo la huduma Februari 2013, ikaleta D610 yenye shata mpya Oktoba mwaka huohuo, na mwaka 2014 ikatangaza kukagua na kusafisha D600 bure pamoja na kubadilisha shata. Kwa hiyo madoa ya mafuta yakirudi muda mfupi kila baada ya kusafisha, acha kununua swabu. Shata ndiyo yenye kasoro, na kama dhamana bado ipo, irudishe.

Mafuta hayatoki kwa hewa, na brashi kavu itayapaka sensa nzima. Hapa swabu yenye kimiminika ndiyo kifaa sahihi.

Upana wa swabu ulingane na kimo cha sensa, ili mpito mmoja uifunike yote. Sensa ya fulu fremu ni milimita 24 kwa 36, kwa hiyo swabu ni ya milimita 24. Kwa APS-C, sensa ndogo kuliko hiyo, ambayo kimo chake ni karibu milimita 15 hadi 16, nunua ya 16. Maikro Foo Thadi, ndogo zaidi, ina kimo cha milimita 13, na swabu zake huuzwa kwa milimita 12. Swabu nyembamba mno kuliko sensa inaacha mstari wa uchafu katikati, na pana zaidi haiingii bila kukwaruza kingo.

Nunua zilizofungwa moja moja. Pakiti iliyotoboka, hata kidogo, itupe.

Weka matone mawili ya kimiminika kwenye ukingo wa swabu na usubiri sekunde kumi yasambae. Iguse sensa upande mmoja ikiwa imeinama kidogo kuelekea unakokwenda, kwa nguvu ya kupinda ncha yake kidogo tu, na uivute mpaka mwisho bila kusimama katikati. Igeuze, rudi kwa upande wa pili ambao haujatumika. Hapo imeisha, itupe hata kama inaonekana nyeupe kabisa. Madoa ya mafuta mara nyingi yanahitaji swabu mbili au tatu, kila moja mpya.

Baadhi ya vimiminika vya sensa ni methanoli safi, aina ya pombe inayokauka haraka bila kuacha kitu. Ni sumu na inashika moto, kwa hiyo fungua dirisha baada ya kumaliza na usiipakie kwenye begi la ndege. Spiriti ya duka la dawa si mbadala. Ina maji, na mara nyingi rangi au viongezo, na vyote vinabaki kwenye glasi.

Dalili: baada ya kusafisha kuna michirizi, au uchafu umejaa pembeni

Sababu ya kwanza ni kimiminika kingi. Matone manne pale yalipohitajika mawili. Rudia na swabu mpya, tone moja tu. Ya pili ni swabu iliyotumika upande uleule mara mbili. Ya tatu ni mafuta yaliyoyeyuka lakini hayakuinuliwa, na hayo yanahitaji mpito mmoja zaidi. Uchafu ukikusanyika kwenye kona, usiufukuze kwa ncha ya swabu. Kijiti cha jeli kinaufikia vizuri zaidi, glasi ikishakauka kabisa.

Kama michirizi ina umbo la duara lenye ukingo mkali na haikuwapo kabla, huenda ni alama ya tone la maji lililokauka. Wanaopiga picha pwani huipata hivi: kamera imelala kwenye chumba cha kiyoyozi Zanzibar au Mombasa, mtu anatoka nayo kwenye joto la unyevu, anabadilisha lenzi papo hapo, na mvuke unageuka matone ya maji juu ya kichujio. Maji hayo yakiwa na chumvi, methanoli inaweza kushindwa, maana chumvi huyeyuka kwenye maji vizuri zaidi kuliko kwenye pombe. Tafuta kimiminika cha sensa chenye asili ya maji, kisha malizia na swabu ya methanoli. Kinga ni kuiacha kamera kwenye begi lililofungwa nusu saa hivi ipate joto la nje kabla ya kuifungua.

Dalili: nukta kali nyekundu, bluu au nyeupe

Nukta isiyobadilika kwa f/2.8 wala f/16, na inayozidi kwenye picha za usiku za mfichuo mrefu, ni pikseli iliyoharibika. Usisafishe. Tafuta kwenye menyu kipengele cha kuratibu pikseli kama kamera yako inacho, vinginevyo fundi ataifuta kwa programu.

Dalili: kioo hakipandi, au menyu ya kusafisha imefifia

Betri haitoshi. Kamera inakataa kwa makusudi, kwa sababu chaji ikiisha katikati ya kazi, kioo kinaanguka na shata inajifunga juu ya swabu. Usizunguke kikwazo hicho kwa kutumia hali ya B, ambayo shata hubaki wazi kwa muda wote kidole kinapobonyeza kitufe. Kidole kikiteleza tu, shata imekwenda. Chaji ijae ndipo uanze.

Pa kusimama na kumpelekea fundi

Simama ukiona mstari mwembamba ulionyooka ambao haubadiliki baada ya swabu mbili, kwani huenda ni mkwaruzo. Simama ukiona nyuzi zinazotawanyika kama mizizi: huo ni ukungu, na kamera iliyo nao iwekwe mbali na lenzi nyingine mpaka ishughulikiwe. Simama kimiminika kikipenya kwenye ukingo wa kichujio, uchafu ukionekana uko chini ya glasi, pazia la shata likipinda, au kamera ikianza kutoa ujumbe wa hitilafu. Vivyo hivyo kama imeanguka kwenye maji ya bahari: toa betri, usiiwashe kujaribu, usipulizie.

Ukifika kwa fundi, mpe picha yako ya kupima ya f/16 na umwambie vifaa vyote ulivyokwisha kutumia, hasa kimiminika gani. Muulize atatumia swabu mpya au ile ya mteja aliyepita. Swali hilo si la aibu. Kabla ya kulipa, pigeni picha ya kupima pamoja, palepale dukani, kwa lenzi na tundu lilelile.